Saa ya Kufunga Maporomoko

Swali la kwanza huwa lilelile, na huja kabla mgeni hajashuka garini sawasawa: "Haya maporomoko mnayafunga saa ngapi?"

Msicheke. Nawaomba kwa heshima, maana aliyekuwa akiulizwa swali hilo alicheka miaka ishirini na sita, na mwisho wa kicheko chake ndio nataka kuusimulia hapa. Watu wazima, wenye miwani na vyeti vyao, wamevuka bahari, wanasimama mbele ya maji yaliyoanza kuanguka kabla babu wa babu yako hajaota jino, halafu wanataka kujua yanafungwa saa ngapi wasije wakachelewa. Sasa mtu kama huyo umjibu nini? Ukimwambia ukweli utamtia aibu, na siku yake yote imeharibika. Mwongoza watalii wa mlima ule alikuwa na jibu lake tayari. Alikunja uso kama mtu wa ofisini, akatazama saa ya mkononi, akasema, "Saa kumi na moja jioni kamili. Kuna fundi anapanda juu kufunga koki. Ijumaa anafunga mapema kidogo, ana mambo yake."

Wakaandika. Wallahi wengine walikuwa wanaandika.

Watu walimwita Chumvi. Angeitwa nani mwingine? Kila alichokigusa alikitia chumvi mpaka kikawasha ulimi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, hata orodha ya zamu iliyobandikwa ofisini ilisema: Jumatatu, Chumvi, Jumanne, Chumvi. Mgeni akiuliza kama ukungu ule ni wa asili au mna mashine, alijibiwa kwamba ni mashine, ila leo mafuta yameisha, huo unaouona ni wa jana uliobaki. Mgeni akiuliza mlima una kilo ngapi, Chumvi alimuuliza kwa upole, "Ukiwa mkavu, au ukiwa umenyeshewa?" Na mgeni alifikiri kidogo kabla ya kuchagua.

Walioona pimbi wamejianika juu ya mawe waliambiwa habari za Mfalme wa Pimbi. Huyo alikuwa mkubwa kama ndama. Alitoka siku moja tu katika miaka kumi na miwili, akaketi pale Jiwe la Juu, na pimbi wote wa mlima wakapanga mstari kumsalimia, wakubwa mbele wadogo nyuma. Ile miti minene ya kule juu, yenye vichwa vya majani yaliyochanua, Chumvi alisema inatembea. Hatua moja kwa mwaka, wakati wa baridi kali. Na alikuwa na ushahidi: mti mmoja aliuchora doa la rangi nyekundu kifuani, umesimama bega kwa bega na jiwe bapa, naye aliapa kwamba enzi za babu yake mti ule ulikuwa upande wa pili wa jiwe. Watu walikwenda kuupima kwa miguu yao.

Meneja aliona hapo pana biashara. Akasimamisha bango kubwa langoni, picha ya Chumvi amekenua meno yote, na chini yake maneno: MWONGOZA WATALII WETU MCHESHI. USIAMINI LOLOTE ANALOSEMA. Wageni walipiga picha na bango kabla ya kupiga picha na mlima. Chumvi mwenyewe alilipenda bango lile kuliko mshahara, na kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kitambaa chake. Hakuwahi kuyasoma maneno yake polepole.

Mtu mmoja hakucheka, naye ni dada yake.

Dada alikuwa na kibanda cha chai chini ya maporomoko, ng'ambo ya kidaraja cha mbao: mabati, meza nne, friji ya soda, na nyuma yake jenereta yenye kelele za kuchosha masikio. Kwa upande huu wa kidaraja ndipo magari yalipoegeshwa, na ndipo ngazi za kwenda Jiwe la Juu zilipoanzia, zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Mkae na picha hiyo kichwani: kibanda huko, kidaraja katikati, ngazi huku.

Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Chumvi alikuwa na miaka saba, dada kumi na mitano. Akaacha shule, akafua nguo za watu, akampikia, akamsomesha, akamchapa ilipobidi. Na mtoto mwenyewe ndiye huyo, alijua kudanganya kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Leo anaumwa tumbo, kesho fisi amekula daftari. Dada alikuwa binti mdogo mwenye kazi za mtu mzima. Hakuwa na nafasi ya kuchunguza kila neno. Basi siku moja alimkalisha kitandani akamwambia, "Sikiliza, mdogo wangu. Porojo zako endelea nazo. Lakini ukiwa na jambo la kweli, shika sikio lako useme haki ya mama. Nami nikikuamini nitashika langu. Neno hilo ukilichezea hata mara moja, limekwisha. Sitalisikia tena."

Mtoto alielewa. Akalitunza neno lile miaka zaidi ya arobaini. Alilitoa siku aliyoona nyoka chini ya kitanda. Alilitoa alipofeli mtihani, na alilitoa mkewe alipofungasha akaondoka. Kila mara dada alifanya vilevile: aliacha alichokuwa akikifanya, akafuta mikono, akashika sikio, akainuka kwenda kusaidia. Hapakuwa na maswali. Katika dunia nzima, mtu aliyejua kuutofautisha ukweli wa Chumvi na chumvi yake alikuwa huyo mmoja.

Halafu akaja bwana mmoja mwenye kofia ya majani.

Hii ilikuwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Bwana yule alikuwa na kichwa kigumu. Alikaa kibandani kwa dada na wenzake, akasema haamini kama miti inatembea, na haamini mpaka Chumvi aape kwa kitu anachokipenda kuliko vyote. Meza nzima ikamgeukia. Sijui shetani gani alimpitia. Labda ni kicheko. Mtu aliyezoea kicheko anakuwa mlevi wake. Chumvi alishika sikio lake la kulia, akafumba macho, akasema, "Haki ya mama yangu aliyelala kaburini, miti inatembea." Wageni wakavunjika mbavu. Yule bwana akavua kofia kumpa heshima.

Dada alikuwa amebeba birika. Aliliweka chini taratibu. Alingoja wageni waondoke. Ndipo akamwambia, "Leo umemtia mama kwenye chumvi yako."

"Dada, ni utani tu."

"Najua ni utani. Nilikwambia nini kitandani?"

Alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumchekesha, akaleta sukari kilo mbili na sabuni. Sukari aliipokea. Lakini toka siku hiyo hakumwita tena mdogo wangu, na Chumvi akaanza kulala vibaya. Si kwa sababu ya ugomvi. Walishagombana sana maishani. Alikuwa anahisi kitu kimetoka mkononi mwake ambacho hakujua siku gani atakihitaji.

Mwezi huohuo mambo ya ajabu yalianza kutokea kule juu, na la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Hoteli moja mpya, upande wa pili wa mlima, iliruhusiwa kuchukua maji. Mafundi wakapanda, wakalaza bomba la plastiki juu ya maporomoko, wakafunga na koki. Koki nyekundu, ya kuzungusha. Chumvi alipoiona alikaa chini akacheka peke yake: uongo wake wa miaka ishirini na sita ulikuwa umejengwa, unashikika. Mafundi walipokuwa wakifanya majaribio, maporomoko yalipungua saa moja au mbili, kisha yakarudi. Watu wa chini wakazoea. Maji yakipungua walisema, aah, mafundi hao.

Kisha mvua ikanyesha siku tisa. Haikuwa mvua ya radi na makelele. Ilikuwa ile ya kumwagika kimyakimya, asubuhi ipo, mchana ipo. Siku ya kumi jua likatoka, na ofisi ikatangaza kwamba wageni kumi na wanne waliokuwa wanasubiri hotelini wataletwa kutazama maporomoko. Chumvi akatumwa kupanda mapema kukagua njia.

Saa moja asubuhi alianza kupanda, saa nne alikuwa juu. Kitu cha kwanza hakukiona, alikikosa: hapakuwa na pimbi. Mawe yote yalikuwa matupu, na jua zuri kama lile wasingelikosa kwa lolote. Akapiga mluzi wake wa kuwaita, mluzi ukaenda ukapotea. Akafika kwenye chemchemi ya kona, mahali alipokunywa maji maisha yake yote, akakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Hatua chache mbele njia ilikuwa na ufa. Alidhani ni mfereji wa mvua. Alipoingiza mguu, ukazama wote mpaka kwenye paja, na chini hakuhisi mwisho.

Alifuata ufa ule kwa macho. Ulikatiza mteremko mzima, kutoka ukingo hadi ukingo.

Na ule mti wenye doa jekundu haukuwa bega kwa bega na jiwe bapa. Ulikuwa chini yake. Umeinama kidogo, mizizi imekazwa kama kamba za kuanikia nguo. Chumvi alipima kwa miguu kutoka kwenye jiwe, akarudi akapima tena. Hatua tatu. Kicheko kilimjia kwa mazoea, kikakatika hapohapo. Alikumbuka swali la kilo. Mlima ulikuwa umenyeshewa.

Akatoa redio ya upepo. "Lango, lango, huku Chumvi. Mteremko umechanika. Mti wa rangi nyekundu umetembea. Wageni wasifike kwenye maporomoko."

Karani wa langoni akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeashiria wenzake wasogee wasikilize. "Umetembea, Chumvi? Hatua ngapi leo?"

Angejibu nini? "Tatu," akasema.

Ofisi nzima ilicheka. Aliwasikia mmoja mmoja. Alimsikia hata mfagizi.

"Karani, sitanii. Nisikilize. Kuna ufa hapa naweza kulala ndani."

"Bango linasema tusiamini lolote, mzee," karani alisema, hana ubaya, anacheza mchezo uleule ambao Chumvi mwenyewe alimfundisha. "Halafu wageni wameshatoka hapa na gari. Teremka, wanakusubiri wewe." Redio ikakatika.

Chumvi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Njia ya kushuka ni ya saa moja na nusu kwa mtu mwenye magoti mazima. Aliteremka kwa nusu ya muda huo, mara anakimbia, mara anakaa na kuserereka kwenye tope, viganja vya mikono vimechunika. Njiani alisikia mlima nyuma yake ukitoa mlio mfupi, mzito, kama kabati linalosogezwa chumba cha pili. Kisha ukanyamaza.

Alipotokeza kwenye kidaraja, wageni walikuwa wameshasambaa upande wa kibanda, kamera shingoni. Maporomoko yalikuwa yanaanguka, mekundu kwa tope. Na mbele ya macho yake yakaanza kupungua. Unene ukawa wembamba, wembamba ukawa nyuzi, nyuzi zikakatika. Mwamba ukabaki unadondosha matone.

Mama mmoja wa makamo, mwenye koti la njano, alimgeukia akiwa amekasirika kidogo. "Mmeshafunga? Mbona mapema hivi?"

Chumvi alitazama saa yake kwa mazoea. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Alijua maana yake. Maji hayaendi likizo. Kama hayashuki, basi kuna mahali yanajaa. Udongo umeanguka kule kwenye korongo ukayazuia, na yanapanda nyuma ya ukuta wa tope ambao hakuna aliyeujenga ili usimame. Akapanua mikono, akapaza sauti, akawaambia ukweli mtupu: mlima umekatika, maji yamezibwa juu, yatakuja yote kwa pamoja, vukeni daraja sasa hivi.

Wakapiga makofi. Bwana mmoja alianza kumrekodi. Dereva wao, aliyekuwa ameegemea nguzo na soda mkononi, aliwaambia, "Leo amekuja na ile ndefu, mtafurahi." Chumvi akamshika dereva mashati, akamwambia wewe unanijua, nitazame usoni. Dereva alimtazama uso wenye tope na macho yaliyomtoka, akacheka mpaka soda ikampalia. Kadiri alivyosihi ndivyo walivyocheka. Mtu akikwambia maisha yako yote kwamba anaigiza, siku ya kulia kweli utamsifu kwa kulia vizuri.

Akawaacha, akaingia kibandani.

Dada alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni, mgongo kwa mlango. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya bati. Ilibidi apaze sauti. "Dada, acha hivyo, toka. Mlima unashuka."

"Mafundi wa hoteli wamefunga maji yao," alisema bila kugeuka. "Watafungua mchana."

"Si mafundi. Nimetoka juu sasa hivi. Kuna ufa. Mti umehama."

"Mti umehama," dada alirudia taratibu.

Chumvi alisogea mpaka akawa ubavuni kwake, pale asingeweza kutomwona. Akashika sikio lake la kulia. Damu ya kiganja ikamchirizikia shingoni. "Dada. Haki ya mama."

Mikono ya dada ilisimama ndani ya maji. Kwa muda wa pumzi moja Chumvi alidhani atafuta mikono, kama alivyofuta siku ya nyoka. Lakini dada alimgeukia, na machoni mwake palikuwa na machozi ya hasira. "Neno hilo ulilimaliza palepale, kwenye meza ile. Sasa umerudi nalo, na watu wanakurekodi mlangoni." Kweli, bwana wa kamera alikuwa amewafuata. "Mimi nimekula chumvi nyingi, Chumvi, na nusu yake ni yako. Imetosha."

Hakuwahi kumwita jina hilo. Toka watu walipoanza kumwita hivyo mitaani, dada pekee alilikataa. Sasa alilisema, akampa kisogo, akachukua kikombe kingine.

Alimkamata mkono amburute. Dada alikuwa mwanamke wa kubeba madumu ya maji miaka yote. Alijinasua, akamsukuma, kikombe kikaanguka kikavunjika, na pale mlangoni wageni wakashangilia wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe.

Watu kumi na wanne, na dereva, na dada. Chumvi alisimama katikati ya kibanda akahesabu bila kutaka kuhesabu. Akili yake ilimwambia kitu cha kutisha: ukweli hawataufuata hata akipiga magoti, ila uongo watauendea mbio, na uongo hauwezi kuwaongoza watu bila mwenyewe kutangulia. Akajidanganya na la kwake pia. Alijiambia, dada atakasirika, atanifuata huko juu kunigombeza. Siku zote ananifuata kunigombeza.

Akatoka nje, akapanda juu ya benchi, akafuta uso kwa mkono, akatabasamu lile tabasamu la kwenye bango. Sijui alilitoa wapi.

"Haya mabibi na mabwana," alisema, "mmeshinda, siri imetoka. Maji tumeyafunga makusudi. Mfalme wa Pimbi hatoki maji yakipiga kelele. Ametoka sasa hivi, yuko Jiwe la Juu, mkubwa kama ndama, na anakaa dakika kumi tu. Anayetaka picha anifuate, na asiangalie nyuma, mfalme hapendi."

Walikimbia. Watu waliogoma kuondolewa na kifo walivuka kidaraja wakicheka na kusukumana kwa ajili ya pimbi. Dereva naye alifuata, anataka kuona itaishaje. Na ndani ya kibanda, dada alisikia kila neno. Dakika haijapita tangu mdogo wake aape kwa mama, na sasa anatangaza Mfalme wa Pimbi. Kama palikuwa na chembe ya imani imebaki kwake, hapo ilifutika. Chumvi alilijua hilo akiwa juu ya benchi, na aliendelea kusema.

Ngazi za Jiwe la Juu ni mia na kumi. Aliwapandisha kama mchungaji, na walipochoka aliwaongezea. Mfalme ana masharubu marefu mpaka chini. Mfalme ana mtumishi wa kumkuna mgongo. Yule mama wa koti la njano, anahema, aliuliza mfalme huyo anakula nini, na Chumvi akajibu kwamba anakula keki, lakini isiwe na sukari nyingi, ana matatizo ya meno. Alikuwa analia wakati anasema hivyo. Wao walidhani ni jasho.

Juu hapakuwa na kitu, mwamba mtupu na upepo. Wageni wakaguna, wakacheka, wakaanza kumtania. Chumvi alikuwa ameshageuka kushuka tena kumfuata dada, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza, alipotambua kwamba jenereta imezimika. Dada alikuwa ameizima.

Kelele ile ilipokoma, bonde lilikuwa kimya kuliko alivyowahi kulisikia. Nadhani dada naye aliusikia ukimya huo. Alitoka kibandani akifuta mikono kwenye kanga, akautazama ukuta wa mwamba. Miaka ishirini alikuwa ameuza chai mbele ya ukuta ule na hakuwahi kuuona bila maji. Alisimama akiutazama. Kisha akainua uso mpaka Jiwe la Juu, akamtafuta mdogo wake kati ya watu wale wote.

Chumvi alishika sikio. Hata angesema neno, lisingefika. Alilishika kwa vidole vyote na akasimama hivyo.

Dada alimtazama kwa kitambo. Halafu akainua mkono wake, polepole, akashika sikio lake. Akaanza kukimbia kuelekea kidaraja, mwanamke wa miaka sitini, magoti yamechakaa kwa kusimama kazini.

Ardhi ilitikisika kwanza kwenye nyayo. Kile kilichotokeza juu ya maporomoko hakikuwa maji. Ulikuwa mlima uliolowa, unashuka na kila kitu chake, na ndani yake miti ilikuwa imesimama wima, minene, na vichwa vyake vya majani, inatembea. Wageni wote waliiona. Bwana wa kamera aliishusha kamera yake mwenyewe.

Dada walimpata siku ya tatu. Alikuwa ameshavuka kidaraja. Mkono wake ulikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Chumvi alisifiwa sana. Wageni kumi na wanne waliandika barua, na meneja akalishusha bango akataka kuweka jingine la kumpongeza. Chumvi alimwambia akiliweka atalivunja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyedhani anatania. Hapandi tena mlimani. Amepewa kiti langoni, karibu na karani, anakagua tiketi. Karani hamwiti Chumvi siku hizi, anamwita mzee, tena anasema kwa sauti ya chini. Amewahi kujaribu kumwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili mzee alimwambia, "Hukukosea. Ulifanya nilivyokufundisha."

Maji yamerudi. Yanaangukia pembeni kidogo ya pale pa zamani, na wageni wanaendelea kuja, maana mlima ni uleule na picha ni nzuri. Juzi alishuka bwana mmoja na mkewe. Hata mlango wa gari hajaufunga, alimwendea mzee wa tiketi akauliza, "Samahani, haya maporomoko mnayafunga saa ngapi?"

Karani aliinamisha kichwa kwenye daftari lake.

"Saa tano na dakika kumi," mzee alijibu.

Mgeni alicheka, akamwambia mkewe kwamba ndiye huyu, yule mcheshi waliyeambiwa hotelini. Akatoa kalamu, akaiandika saa hiyo kwenye kijitabu chake wasije wakachelewa.